Fundi Aliyepiga Nyuso Pasi

Wapendwa, kaeni. Wale wa nyuma sogeeni mbele kidogo, maana leo sina sauti ya kupaza. Wiki hii mimi nanyi tumekwenda makaburini mara nyingi kuliko tulivyokwenda sokoni, na nikiwatazama nyuso naona mmechoka. Na mimi nimechoka. Sitawahubiria kwa kelele. Nitawapa mfano mmoja tu, nao unamhusu mtu aliyechoka kuliko sisi, kwa hiyo hatatuona wageni.

Palikuwa na fundi mmoja, mchoraji wa picha za watu, katika mji mdogo wa milimani ambako jua huonekana kwa kubahatisha. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara iendayo makaburini, na hakukijenga pale kwa bahati mbaya. Mabango ya vinyozi alichora, picha za maharusi alichora, lakini kazi iliyomweka mjini ilikuwa marehemu.

Desturi mnaijua. Jeneza linatoka nyumbani, na mbele yake anatangulia mjukuu au mtoto wa ndugu, amebeba picha ya aliyelala, ameishika kifuani kwa mikono miwili ili watu waione. Sasa katika mji ule wazee wengi hawakuwa na picha nyingine ila ile ndogo ya kitambulisho, ambamo mtu amekodoa macho kama aliyefumaniwa. Basi wenye msiba walikuwa wakiichukua picha hiyo na kuikimbiza kwa fundi. Naye anaipiga mistari ya viraba vidogo kwa penseli, anapiga viraba vikubwa juu ya ubao mwembamba, kisha anauhamisha uso kiraba kwa kiraba, hadi marehemu anatokea mkubwa, mwenye rangi, anawatazama watu.

Lakini hakuna aliyehamishwa jinsi alivyo. Wenye msiba walikuja na maagizo yao. "Fundi, mvike suti." Marehemu hakuwahi kuvaa suti hata siku ya kipaimara. "Fundi, mjazie mashavu, mwishoni aliumwa sana." "Fundi, lile pengo lizibe." "Fundi, mng'arishe kidogo, hii picha imemtia weusi." Na fundi alikuwa akiitikia tu, "Sawa, mama. Sawa, mzee." Kazi hiyo mwenyewe aliiita kupiga pasi. Akirudi nyumbani amechelewa, mkewe akimuuliza alikuwa wapi, alisema, "Nilikuwa namalizia kumpiga pasi yule bibi wa kule mtoni." Wala hakusema kwa dharau. Aliamini ni huruma. Mtu amekunjamana maisha yake yote, kuna ubaya gani akinyooshwa siku ya mwisho?

Niwaulize nanyi, kuna ubaya? Msijibu. Subirini kwanza.

Fundi huyu alikuwa na rafiki, mpasua mawe. Zamani katika ujana wake kipande cha jiwe kiliruka kikamtoboa jicho, na tangu hapo mji mzima, wakubwa kwa wadogo, walimwita Chongo. Mwenyewe aliitika. Ukijaribu kumpunja alikuwa akisema, "Ninalo moja, lakini hilo moja halisinzii." Kila alasiri akitoka kwenye mawe alipita kibandani kwa fundi, wakakaa kwenye benchi, mmoja na vumbi lake na mwingine na rangi zake, wala hawakusema mengi. Kuna marafiki wa namna hiyo. Mnakaa kimya pamoja, na mkiachana kila mmoja anajiona ameshiba.

Chongo akafa. Wanawe wakaja kwa fundi na picha ya kitambulisho. Mkubwa wao akasema, "Baba mdogo, tunaomba umpe macho mawili. Baba aliteseka sana na lile jina."

Fundi alisita. "Mbona alilitania mwenyewe?"

"Kwako alilitania," akajibu kijana. "Sisi tuliishi naye."

Hilo fundi hakuweza kulipinga. Mtu mmoja ana sura ya benchini na sura ya nyumbani. Basi akashika brashi, akampa rafiki yake jicho la pili, jicho safi lenye nuru, na kwa sababu walimwomba, akamvika na suti na tai. Alipomaliza alikaa akaitazama picha, akaona hamjui mtu yule. Akajiambia ni uchovu tu, akaifunga kwenye gazeti.

Sasa sikilizeni kilichotokea siku ya maziko. Kulikuwa na mzee mwingine, aliyepasua mawe pamoja na Chongo enzi za ujana wao, kisha akahamia mbali. Alipopata habari alipanda basi, akashuka njia panda, akaanza kuupandisha mlima kwa miguu, na fimbo yake, na miguu yake mibovu. Katikati ya mlima akakutana na msafara wa maziko unateremka, watu wanaimba. Akaitazama ile picha iliyotangulia. Bwana mmoja, ana tai, ana macho mawili yenye afya. Basi akafanya kile ambacho mtu muungwana hufanya akikutana na msiba wa watu asiowajua. Alitoka barabarani, akasimama majanini, akavua kofia, akainamisha kichwa, akawapisha. Walipokwisha kupita akavaa kofia yake, akaendelea kupanda mlima, akiuliza kila nyumba msiba wa Chongo uko wapi.

Alipoelekezwa akageuka, na alipofika makaburini udongo ulikuwa umekwisha kurundikwa na mashada yamewekwa. Watu walikuwa wanatawanyika. Fundi alikuwa bado amesimama pale. Yule mzee akajikongoja mpaka kwenye kaburi, akakaa chini kwenye matope, akasema, wala si kwa hasira, kwa sauti ya mtu aliyeishiwa, "Nilimpisha njiani. Nilimvulia kofia kama mgeni. Sikumjua."

Fundi angemwambia nini? Angesema, mzee wangu, aliyekunyang'anya rafiki yako ni mimi, kwa brashi namba mbili?

Tangu siku ile kazi ikawa nzito. Brashi ile ile, rangi ile ile, lakini kila alipoambiwa "mjazie mashavu" mkono ulikuwa ukienda kama unabeba ndoo. Alichoka kwa namna ambayo kulala hakusaidii. Mnaijua hiyo namna, naona wengine mnatikisa vichwa. Na katika kuchoka huko likamjia wazo ambalo hakuwahi kuwa nalo kwa miaka yote aliyokaa na marehemu. Nikifa mimi, nani atanichora?

Akajibu mwenyewe. Atakayemchora ni yule kijana wa stendi mwenye kompyuta, ambaye ana suti moja humo ndani na wanaume wote wa wilaya wanazikwa nayo. Fundi akajiona katika suti ile. Akaona msafara wake unateremka mlima, na mtu mmoja anayempenda anatoka barabarani, anavua kofia, anampisha. Wazo hilo lilimuuma kuliko wazo la kufa. Basi akaazimia kujichora mwenyewe, vile alivyo, akingali na mkono. Alitaka jambo moja tu, kwamba mtu wake aitazame ile picha aseme, huyu ni yeye.

Akaleta kibandani kioo chake cha kunyolea, akakitundika kwenye msumari, akakaa mbele yake.

Wapendwa, mmewahi kujitazama kwenye kioo bila kunyoa, bila kuchana nywele, bila kufunga kilemba? Kujitazama tu? Jaribuni. Si kazi nyepesi. Kioo kile kilikuwa na mtu ambaye mwaka uliopita alipatwa na kiharusi kidogo, kikamwachia mdomo ulioshuka upande mmoja na kope moja nzito. Paji la uso lilikuwa na mistari. Chini ya macho kulikuwa na mifuko. Fundi akachukua brashi akaanza, na alipomaliza akasogea nyuma kutazama. Kwenye ubao alikuwepo shemasi mmoja mnene, mdomo umenyooka, anang'aa. Mkono ulikuwa umempiga pasi bila hata kumuuliza. Akachovya kitambaa kwenye tapentaini, akamfuta shemasi.

Akaanza tena, na safari hii kwa hasira. Akauteremsha mdomo, akazidisha mistari, akayainua macho juu. Akatokea mtu wa kuonewa huruma, mtu aliyeonewa na dunia nzima, bado kidogo atoe na damu. Fundi akamtazama sana huyo. Alimpenda, ndiyo shida. Lakini alijua naye ni mwongo, maana mtu anaweza kujipamba kwa mateso kama vile wengine wanavyojipamba kwa tai. Akamfuta na huyo.

Mara ya tatu hakuwa na nguvu ya kusifu wala ya kulalamika. Alichora kilichopo. Hapa pana kivuli, aliweka kivuli. Hapa ngozi imelegea, aliiacha ilegee. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati na hakuna mteja aliyekuja. Na polepole akatokea pale ubaoni mtu mmoja aliyechoka, asiyemchukia mtu, aliyesema "sawa, mzee" mara nyingi kupita kiasi, na ambaye bado kuna kitu alikuwa anakitafuta kwa macho. Fundi akaweka brashi chini. Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta. Alisema kwa sauti, peke yake kibandani, "Ndiyo. Ni mimi."

Jumapili baada ya ibada akaileta ile picha nyumbani. Mdogo wake alikuwepo, na binti wa fundi aitwaye Tusa alikuwa amekuja kuwasalimu. Mkewe alikuwa jikoni, amejifunga kitenge mpaka shingoni kama ilivyo kawaida yake hata siku za joto. Fundi akaitundika picha ukutani, upande unaotazamana na picha nyingine iliyokaa pale siku zote, picha ya mkewe, ambayo fundi mwenyewe alimchorea zamani: mama mwenye shingo ndefu, laini, anatabasamu.

Mdogo wake akaitazama ile mpya, akakuna kichwa. "Kaka, hii ndiyo unataka tuibebe siku hiyo?"

"Ndiyo hii."

"Watu watasema tulikunyima chakula. Halafu mdomo wako umepinda huku, wewe umeupindisha kule."

"Nimechora kutoka kwenye kioo," akasema fundi. "Hivyo ndivyo ninavyojiona mimi. Wewe unaniona ukiwa upande wa pili."

Tusa naye akajaribu kwa upole, kama watoto wetu wanavyojaribu wakiona tumezeeka vibaya. "Baba, ni nzuri. Lakini si ungepunguza kidogo hapa chini ya macho? Kidogo tu."

Hapo fundi, ambaye hakuwahi kumpandishia mtu sauti, akapandisha. "Nimewapiga pasi watu wa mji huu mpaka wake zao hawawajui. Nimempiga pasi rafiki yangu, akazikwa kama mgeni. Mimi niacheni na makunyanzi yangu. Mtu atakayelia siku hiyo, anililie mimi."

Wakala wali, na baada ya kula mdogo wake akaaga, na Tusa akaaga akaenda kuwahi gari. Wakabaki wawili, fundi na mkewe. Mkewe akatoa vyombo, akarudi, akakaa kwenye kochi chini ya picha yake. Tangu picha mpya itundikwe hakuwa amesema neno. Na ninyi mlio katika ndoa mnajua, watu wote wanaweza kusema, lakini kuna mmoja ambaye asiposema ni kama hakuna aliyesema. Fundi akasubiri. Akajifanya anatafuta miwani. Mwisho akashindwa.

"Mama Tusa, hujasema kitu."

"Nimeiona."

"Umeona nini?"

Mkewe akaitazama tena ile picha, bila haraka. "Nimeona ni wewe. Hata huo mdomo unavyolegea ukiwa umechoka na hutaki niulize. Ni wewe kabisa, Baba Tusa."

Furaha ikamjaa fundi. Hilo ndilo neno alilolitafuta. Alikuwa ameonekana. Wapendwa, kama mfano ungeishia hapa ungekuwa mzuri, nami ningewaambia jichoreni mlivyo, tukaimba, tukaenda kula. Lakini mkewe hakuwa amemaliza.

Akaelekeza kidevu juu, kwenye picha iliyokuwa nyuma ya kichwa chake. "Na yule ni nani?"

"Yule?" Fundi akacheka kidogo. "Yule si wewe?"

Mkewe hakucheka. Akainua mikono akafungua kile kitenge chake cha shingoni, akakiweka mapajani. Na kutoka chini ya sikio, kupita shingoni, mpaka kwenye mfupa wa mtulinga, lilikuwa kovu la moto, ngozi imejikunja na kung'aa.

Niwaambie lilitoka wapi. Zamani kibanda cha fundi kiliwahi kuwaka. Tapentaini na moto wa jiko, mnaweza kujua wenyewe. Fundi alikuwa amekwenda kutafuta mbao. Mkewe ndiye aliyekuwa karibu, na ndani mlikuwa na picha ya mama wa watu ambayo ilikuwa ibebwe kesho yake. Yule mwanamke hakufikiri. Aliingia. Alitoka na ile picha, na moto ukawa umemshika shingo. Mama yule wa watu alizikwa na picha yake mbele, na mke wa fundi akalala hospitali mpaka watoto wakamsahau harufu. Aliporudi nyumbani akiwa hageuzi shingo, fundi, kwa huruma yake yote, kwa mapenzi yake yote, akamchorea zawadi. Alimchora yeye. Na akampiga pasi.

"Nilitaka ufurahi," akasema fundi.

"Najua. Ndiyo maana sikusema." Mkewe alikuwa anakikunja kile kitenge mapajani, anakikunjua. "Unawakumbuka wageni wa mdogo wako, waliokuja wakati wa Pasaka? Kulikuwa na mama mmoja mnene, mpole. Aliitazama sana hiyo picha. Halafu akanifuata jikoni, akanishika mkono. Akaniambia, 'Pole sana, dada yangu. Nimemwona marehemu mke mkubwa pale ukutani. Alikuwa mzuri. Lakini na wewe, mzee unamtunza.'"

Fundi akauliza, "Ukamjibu nini?"

"Ningemjibu nini? Nilisema asante. Nilipokea pole, nikaendelea kuosha vyombo." Akakikunjua tena kitenge. "Na si yeye wa kwanza, Baba Tusa. Siku ile ulipotundika hiyo picha nikawa mke wa pili katika nyumba hii. Mkubwa ni yule ambaye hakuungua."

Fundi akasimama. Akatafuta kwa macho mfuko wake wa brashi. "Kaa hivyo hivyo," akasema. "Kaa hivyo, nikuchore sasa hivi. Nitakuchora ulivyo."

"Hapana," akasema mkewe. "Ukishika brashi utaanza kazi. Na mimi nimechoka kuwa kazi yako. Vuta kiti, ukae hapa karibu, uniangalie."

Fundi akavuta kiti. Akakaa.

Mnataka kujua kama baadaye alimchora? Mnataka kujua kama siku ya maziko yake walibeba picha ipi? Mfano umeishia kwenye kiti. Mimi nimewafikisha pale, zaidi ya pale sina.

Lakini na tusemezane sisi kwa sisi. Nilimwonea huruma fundi huyu nilipokuwa namtunga, nanyi nimeona mlikuwa upande wake. Aliposema "niacheni na makunyanzi yangu," kuna mtu hapa mbele aliguna kwa kukubali. Ni haki yake. Nani kati yetu hachoki kuvikwa suti na watu wengine? Nani hana kilio hiki moyoni: "Jamani, hebu nioneni mimi"? Tunapopiga magoti tunaomba hivyo hivyo, Bwana, nipokee nilivyo. Tunaomba kwa machozi. Na Bwana anatupokea, maana yeye hakutuumba kutoka kwenye picha ya kitambulisho.

Tukiinuka tunakwenda nyumbani kushika brashi.

Tunaye kijana aliyerudi kutoka gerezani, na tunawaambia wageni alikuwa safarini. Anakaa pale, anasikia. Tunaye mtoto ambaye miguu yake haimbebi, na siku ya kupiga picha ya ukoo tunasema mwacheni apumzike ndani. Tunaye mama mkwe ambaye akili inakuja na kuondoka, na tunamjibia yeye maswali yote. Tunaye mume ambaye hana kazi na tunamtaja kwa kazi aliyokuwa nayo. Wote hao tumewapiga pasi, tena kwa mapenzi. Sikusema kwa chuki. Chuki ingekuwa rahisi kuiona. Wahenga walisema nyani haoni kundule, lakini mimi nasema fundi huyu alikuwa na kioo mbele yake, akajiona uso wote hadi mifuko ya macho, na kwa miaka yote hiyo hakuiona shingo ya mwanamke anayempakulia chakula.

Tunasema tunaficha kovu lake ili asione aibu. Aibu ya nani? Lile kovu yeye alilipata akiwa ndani ya moto wetu. Chunguzeni makovu ya watu wa nyumbani mwenu, mengi yana historia ambayo na sisi tumo. Labda ndiyo sababu tunayafunika haraka.

Bwana wetu alipotoka kaburini alikuwa na uwezo wa kutoka na mwili laini usio na doa. Nani angemzuia? Alitoka na matundu yake mikononi, na waliomjua wakamjua kwayo. Sasa sisi ni nani tuwatake wenzetu waje kwetu wakiwa wamenyooshwa?

Sitawapa kazi kubwa leo, nguvu hizo hamna na mimi sina. Mkifika nyumbani, kabla ya chakula, kabla ya simu, vuteni kiti. Msiseme neno, msirekebishe kitu. Mtazameni mmoja aliye pale. Mtazameni mpaka muone. Maana inawezekana kabisa, wapendwa, humo nyumbani mwenu kuna mtu ambaye amekuwa akipewa pole za msiba wake mwenyewe, anasema asante, na anarudi kuosha vyombo.

Aliyechoka asiinuke kuitikia. Amina yake aende akaisemee nyumbani, kwenye kiti.